Mwaka wa Kutafuta Masizi

Jayesh alinipigia simu asubuhi moja nikiwa mkutanoni, akaniambia mama yake amefariki. Mezani mbele yangu palikuwa na chupa tatu ndogo zenye unga mweusi, na vijana ninaofanya nao kazi maabarani walikuwa wakibishana tununue upi. Zilikuwa nanotyubu za kaboni, mirija myembamba ambayo maelfu yake ikifungwa pamoja haifikii unene wa unywele. Tulitaka kuichanganya na plastiki ya mabomba ya petroli ili plastiki ipitishe umeme kidogo, cheche zisizaliwe humo ndani. Mmoja alitaka mirija mirefu, mwingine alitaka mifupi kwa kuwa huchanganyika bila shida, wa tatu alikuwa akitazama bei. Niliwaacha nikatoka. Jayesh si mtu wa maneno mengi. Alinieleza kwamba mama yake alilala vizuri, asubuhi hakuamka. Kisha akasema, "Wiki jana alikuulizia. Alisema, yule msichana wa masizi siku hizi yuko wapi?" Nikakaa kwenye ngazi za jengo letu kama mtu aliyekatazwa kuingia ndani.

Sitaanza na ukoo wangu wala shule nilizosoma. Mwaka huo wa masizi ulianzia chumbani, katikati ya miaka ya tisini, mjini Kisii, kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa na duka mbele na karakana nyuma. Chumba changu kilikuwa juu ya stoo ya mpira. Ukuta ulinuka salfa, blanketi lilinuka salfa, hata chai niliyokunywa nikiwa nimeegemea dirisha ilikuwa na harufu hiyo kwa mbali. Dirisha lilitazama uwanja wa jirani yetu, fundi Ombati, aliyechomelea mageti na mabodi ya magari kuanzia kunapokucha hadi mvua ya alasiri inapomfukuza. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Kanti, baba yake Jayesh, Mhindi aliyezaliwa papo hapo mjini na kujua Kikisii kiasi cha kugombana nacho sokoni. Karakana yake ilitengeneza bushi za magari, gasketi, soli za viatu na kila kitu cha mpira ambacho mtu angekileta kimechakaa na kusema, nataka kingine kama hiki. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi na diploma ya teknolojia ya mpira na plastiki, na yeye alikuwa amebaki bila msaidizi baada ya Jayesh kwenda kusoma. Alinipa kazi, chumba, na kiti katika jiko la mkewe.

Jiko hilo ndilo ninaloliona ninapofumba macho. Majirani walimwita mkewe Mama Jayesh, mimi nilimwita Mama tu. Nyama haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Tulikula dengu, chapati nyembamba alizozitupia juu ya moto mpaka zikafura, viazi vya haradali, maziwa lala. Alipogundua kwamba nilikuwa nikitamani mboga za nyumbani, alianza kuninunulia chinsaga, ule mgagani wetu, sokoni, akaipika kwa njia yake, na bizari. Nilikula yote. Ilikuwa chungu kama inavyopaswa kuwa, na bizari ilikuwa imekaa juu yake kama mgeni asiyejua akae wapi. Jioni wao wawili waliongea Kigujarati upande wa pili wa ukuta, nami nililala nikisikiliza mawimbi ya maneno nisiyoyaelewa. Tangu siku ile Sista Bonareri alipokuja, katikati ya maneno hayo nilianza kusikia mawili niliyoyajua: jina langu, Gesare, na hospitali.

Sista Bonareri alikuwa muuguzi mkuu wa thieta, chumba cha upasuaji, katika hospitali ndogo ya misheni huko juu Nyamira. Alikuja asubuhi, viatu vimejaa tope, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani cha upasuaji. Mzee Kanti alimsalimu kwa Kikisii, Bwakire buya, naye aliitikia vizuri, akakifungua kile kitambaa juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na gurudumu la kitanda cha wagonjwa, lenye tairi jeusi la mpira.

"Hii tairi ni ya hapa?" aliuliza.

"Ni ya hapa," alisema Mzee Kanti. "Mlileta ya zamani, nikawatengenezea nne. Imepasuka?"

"Haijapasuka, Mzee. Tulipata moto."

Alieleza akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Hospitali yao ilikuwa bado inatumia etha kuwalaza wagonjwa, kwa sababu ndiyo dawa waliyoweza kuipata bila kukatika. Mvuke wa etha ni kama petroli. Daktari Mokaya, aliyekuwa akishughulikia usingizi, alikuwa ameondoa barakoa usoni pa mgonjwa ili aijaze chupa. Mtu akavuta blanketi kutoka kitandani. Mwanga wa bluu ukapita mdomoni mwa chupa, na mkono wa daktari ukashika moto.

"Mgonjwa je?" niliuliza.

"Alipona. Angekuwa amevaa barakoa wakati huo, nisingekuwa hapa naongea na nyinyi hivi." Aliligeuza lile gurudumu. "Kile kitanda kilitoka ng'ambo. Tairi zake za kwanza zilikuwa za mpira wa kupitisha umeme, ule mdogo wa kwenye nguo na blanketi, unashuka sakafuni polepole unaisha. Hii yenu haipitishi. Rangi ni ile ile. Sisi tungejuaje?"

Nilijua anachokiwaza Mzee Kanti, kwa kuwa nilikuwa nimeshavijua vipimo vyake. Mpira wa kazi za kawaida aliujaza udongo mweupe ili uwe mzito, kisha akatia kaboni kidogo tu, ya kuupa weusi. Hakuna aliyemwambia tairi lile lilikuwa na kazi nyingine. Alilishika kwa mikono miwili, akalibonyeza kwa vidole gumba, kama vile bado lingeweza kubadilika.

"Mnafanyaje kwa sasa?" aliuliza hatimaye.

"Tunamwaga maji sakafuni. Tumefunga mnyororo chini ya kitanda. Blanketi za nailoni nimezitoa zote. Na tunaomba. Tumeagiza tairi ng'ambo, lakini hizo zinakuja na meli, na mama aliyeshindwa kujifungua hangoji meli."

Mzee Kanti alinitazama. "Huyu binti amesomea hii kitu," alimwambia. "Atawatengenezea."

Sikuwa nimesomea kitu hicho. Nilikuwa nimekisikia katika kipindi kimoja, mchana, nikiwa na njaa. Nilichokumbuka ni kwamba mpira haupitishi umeme, kaboni inapitisha, na ukiichanganya kidogo hakuna kitu kinachotokea, ukiongeza hakuna kitu, ukiongeza tena hakuna, mpaka ufike mahali punje zinagusana kutoka upande mmoja hadi mwingine na umeme unapata njia. Nilikumbuka pia kwamba kaboni hazifanani. Ipi, na kiasi gani, mwalimu alikuwa amesema tutazitazama kwenye jedwali. Jedwali halikuwa nami Kisii. Na Sista alikuwa ameongeza jambo moja akiwa mlangoni: mpira usipitishe kupita kiasi pia, kwa maana kukiwa na hitilafu ya umeme wa ukutani, aliyesimama pale atapigwa shoti. Nilibaki na sharti la kutafuta kitu kilicho katikati, mahali ambapo kukosea upande huu ni moto na upande ule ni shoti.

Nilianza na ile kaboni tuliyokuwa nayo, ya magurudumu ya magari. Tulikuwa na mashine ya rola mbili za chuma zilizozunguka zikielekeana, ukitia mpira katikati unakandwa kama unga wa chapati. Nilitia kaboni, nikapika kipande kwenye mashine ya kubana, nikakipima kwa kifaa tulichoazima kwa fundi wa umeme, kile cha kuzungusha kwa mkono wanachokiita mega. Mshale haukusogea. Niliongeza kaboni. Mshale haukusogea. Niliongeza mpaka mpira ukawa mgumu kama kwato, nikaukunja ukavunjika, na mshale ulikuwa umetikisika kidogo tu. Jioni nilinawa mikono mara tatu na bado niliacha alama nyeusi kwenye chapati. Mama Jayesh alizitazama zile alama, akanisukumia bakuli la maziwa.

"Haikukubali?" aliuliza.

"Haijakubali, Mama."

"Kula. Tumbo tupu haifikiri."

Kila siku niliyoshindwa ilikuwa siku moja zaidi ya etha kwenye chumba kile chenye maji sakafuni. Hilo ndilo lililonikalia kifuani. Vijana wangu wa leo wakishindwa wanaandika ripoti, na ninafurahi kwamba wanaweza kushindwa kwa amani namna hiyo. Mimi nilikuwa nikisikia gari likifunga breki mbele ya duka, naacha rola zikizunguka tupu, natoka kutazama kama ni Sista.

Ndipo nikafikiria betri. Ndani ya betri kuukuu ya tochi mna unga mweusi unaozunguka kijiti cha kaboni, na nilijua lazima upitishe umeme, ama sivyo betri isingefanya kazi. Nilikusanya betri zilizokufa kutoka kila duka la mtaa ule, nikazipasua, nikaukausha ule unga, nikaukanda na mpira. Mshale ulipanda ukakaa karibu na katikati. Mzee Kanti aliuona kwa macho yake. Alizungusha mega yeye mwenyewe mara ya pili, akacheka, akaita mkewe aje aone.

"Pika tairi nne," alisema. "Kesho tunapeleka."

Nilitaka kusema ndiyo. Sijui hata leo kilichonizuia kilikuwa elimu au woga mtupu. Katika unga ule mlikuwa na vitu vingine mbali na kaboni, na nilikuwa na kumbukumbu hafifu kwamba kimoja kati ya hivyo, manganizi, ni adui wa mpira. Inauozesha. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa kama sauti ya redio chumba cha pili.

"Mzee, naomba tungoje kidogo. Nikitundike kipande dirishani kipigwe jua, tuone."

"Tungoje nini? Mshale umecheza! Wewe unataka nini zaidi?"

"Mpira huu unaweza kuharibika baadaye."

"Na wale watu wakiungua kesho? Hiyo si kuharibika?"

Alikuwa na haki, nami labda nilikuwa na haki. Nilishikilia tu kwamba sitapika tairi. Angeweza kuzipika mwenyewe. Alitoka akabamiza mlango. Usiku ule Kigujarati cha upande wa pili kilikuwa kikali, jina langu likirudi na kurudi, kisha nikasikia Mama Jayesh akisema jambo fupi, na pakawa kimya. Asubuhi nilikuta kipande changu cha mpira kimetundikwa kwenye dirisha la jiko, kwa uzi wa kushonea, mahali ambapo jua hupiga kwanza.

Wiki zilizofuata ni mbaya kuzikumbuka. Nilikwenda dirishani kila asubuhi nikakibonyeza kile kipande, na kilikuwa kizuri, na uzuri wake ulinisuta. Jumapili moja nilitumwa soko la Nyakoe kununua ndizi. Nikiwa nimeinama kuchagua mkungu, nilisikia wanawake wawili nyuma yangu wakiongea Kikisii, mmoja akimwambia mwenzake kwamba hospitali ya Nyamira imeungua, moshi ulionekana mpaka ng'ambo ya mto. Mkungu uliniponyoka. Nilimshika yule mwanamke mkono nikamuuliza hospitali gani, nani amekufa, na yeye akaniogopa kama anayeshikwa na kichaa. Hakujua zaidi ya hapo. Nilikimbia mpaka barabarani nikiwa sina ndizi, nikapanda gari lililokuwa linakwenda upande ule. Safari nzima niliwahesabu watu nisiowajua ambao nilikuwa nimewaua kwa kungoja.

Hospitali ilikuwa imesimama. Kilichokuwa kimeungua ni rundo la kuni nyuma ya jiko. Sista Bonareri alinikuta nimesimama langoni nikilia, akanichukua akanikalisha kwenye benchi, akaniletea uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata moja, lakini siiamini."

Alinisogezea kikombe karibu. "Basi usiilete," alisema. "Ya kwanza tuliiamini."

Niliporudi Kisii jioni, nilikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jiko. Nilikibonyeza kile kipande, na kidole changu kikanasa. Uso wa mpira ulikuwa umeanza kunata kama ulimbo, na ukiuvuta ulikatika bila nguvu. Nilikipeleka kwa Mzee Kanti. Alikigusa, akatazama kidole chake, akakaa kwenye gunia la salfa. Hakuomba msamaha wala sikungoja aombe. Alisema tu, "Sasa tunafanya aje?" na ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza swali hilo kama mtu ambaye kweli hana jibu.

Jibu lilianguka juu ya papadi. Mama Jayesh alikuwa na desturi ya kuanika papadi zake, zile chapati nyembamba za unga wa dengu, kwenye paa la karakana, juu ya shuka, siku ambazo mvua ilichelewa. Asubuhi moja nilimsikia akimpigia kelele Ombati kutoka huko juu, kwa Kiswahili na Kikisii na lugha yake, zote pamoja. Ombati alikuwa amewasha mtungi wake wa gesi ya kabaidi, ile ya kuchomelea, na moto ukiwa bado haujapewa hewa ya kutosha ulikuwa ukitoa moshi mweusi mzito. Nilipanda juu kumsaidia kukusanya. Papadi zilikuwa zimejaa masizi, ila yalikuwa masizi ya namna ambayo sikuwahi kuyatazama vizuri. Yalikuwa nyuzi. Yalielea, yakashikana, yakatua kama manyoya ya kifaranga. Nilipoyasugua kati ya vidole hayakuwa unga mara moja, yalivutana kwanza. Hapo lile jedwali la chuoni lilinirudia, na kwenye mstari wake wa juu kabisa kulikuwa na kaboni inayotokana na gesi hiyo hiyo. Punje zake huzaliwa zimeungana minyororo, kwa hiyo hazihitaji kuwa nyingi ili zigusane.

"Mama, usiyatupe!" nilisema, na nikaanza kuyafuta kwenye papadi zake kwa brashi ya rangi, nikiyatia kwenye mfuko wa karatasi. Alinitazama. Kisha akaketi chini akanisaidia.

Ombati hakufurahi. Gesi ilikuwa ya kazi, si ya kutoa moshi, na wateja wake walikuwa wanalalamika kwamba uwanja umekuwa kama dohani. Mzee Kanti alivuka mwenyewe kwenda kumwomba, wakaongea Kikisii huku wameshikana mikono, na nilimsikia Ombati akiuliza ni hospitali ipi, kisha akisema kwamba dada yake alipasuliwa pale. Baada ya hapo aligeuza pipa kuukuu, akalitundika juu ya moto kama kofia, na kila jioni alitukwangulia yaliyonasa ndani.

Mkando wa kwanza niliufanya vizuri mno. Niliupitisha kwenye rola tena na tena mpaka mpira ukang'aa, na mshale haukupanda. Nusura nikate tamaa kabisa. Nililala kitandani mchana, nimevaa viatu, nikitazama dari, mpaka nikakumbuka zile nyuzi zilivyovunjika vidoleni. Nilikuwa nimezivunjavunja mwenyewe kwa kutaka mpira uwe laini. Siku iliyofuata nilikanda mpira kwanza na vitu vingine vyote, masizi nikayatia mwisho, nikayapitisha mara chache tu. Mpira ulitoka na uso wenye makunyanzi, mbaya kwa macho. Mshale ulipanda, ukakaa katikati, na haukutikisika. Kijana yule wa maabarani anayetaka mirija mirefu huwa ninamwambia jambo hilo hilo: urefu ulioununua si wako mpaka uone umebaki kiasi gani baada ya mashine. Anadhani nimelisoma mahali.

Tulikitundika kipande dirishani, na safari hii Mzee Kanti ndiye aliyekuwa akikibonyeza kila asubuhi kabla sijaamka. Tulingoja mpaka hata mimi nikachoka kungoja. Kisha tulipika tairi nne na soli za viatu vya wauguzi, tukavipakia kwenye pikapu yake tukapanda Nyamira, kati ya mashamba ya chai yaliyolowa umande.

Sista Bonareri alizipima tairi kwa mega, akazipima tena zikiwa zimefungwa chini ya kitanda, akapima soli. Kisha akanipa gauni la kijani na jozi ya viatu. "Leo tuna mama kutoka Nyaramba, mtoto amekwama," alisema. "Wewe utasimama ndani."

"Mimi, Sista?"

"Wewe. Ni mpira wako."

Mzee Kanti alibaki kwenye veranda. Nilisimama pembeni mwa ukuta, nikisikia baridi ya sakafu kupitia soli nilizozipika mwenyewe. Sakafu ilikuwa kavu. Mama wa Nyaramba aliletwa juu ya tairi zangu, macho yake yakimzunguka kila mtu, na aliponifikia alidhani mimi ni daktari, akaniambia kwa Kikisii nimsaidie. Nilimshika kidole cha mguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Daktari Mokaya alimfunika barakoa. Ngozi ya mkono wake ilikuwa mpya, ya waridi, imevutika kama karatasi iliyolowa ikakauka. Harufu tamu ya etha ilijaa chumba. Kila nguo iliyosogea niliisikiliza. Nilikuwa nangoja ule mlio mdogo wa cheche, kama wa kijiti kikavu kinapovunjika.

Katikati ya kazi chupa ilipungua. Daktari Mokaya aliondoa barakoa, akafungua mfuniko, akachukua etha ya kujazia, na mkono wake ukasimama hewani. Mpasuaji alikuwa ameinama, hakuona. Sista aliona. Daktari aligeuza shingo akanitafuta pale ukutani.

"Binti," alisema taratibu. "Nijaze?"

Nimekuwa na kazi kwa miaka mingi, nimeulizwa maswali na watu wakubwa katika vyumba vikubwa. Hakuna swali lililowahi kunielemea kama lile. Nilifikiria nyuzi zile na kila kitu nisichokijua juu yake. Mama yule alianza kugeuza kichwa, usingizi ukimpungukia.

"Jaza, daktari," nilisema.

Alijaza. Etha ilimiminika, mfuniko ukarudi, barakoa ikarudi. Hakikutokea kitu. Baadaye kidogo mtoto alilia, msichana, kilio cha hasira, na Sista Bonareri alimpokea bila kunitazama. Nilipotoka nje nilikuta nimeuma ndani ya shavu mpaka damu.

Hospitali ile iliacha etha baada ya muda, ilipopata dawa nyingine isiyoshika moto, na tairi zetu zikawa tairi za kawaida tu. Mimi mwaka uliofuata nilikwenda kusoma zaidi. Hayo yote yalikuja polepole, wala siyakumbuki kwa uzito. Siku yenyewe ndiyo ninayoikumbuka, na njia ya kurudi. Tulipofika juu ya mlima, Mzee Kanti alisimamisha pikapu kando ya barabara, akashuka, akaenda kwenye majani ya chai akatapika. Nilimfuata na chupa ya maji. Alisukutua, akabaki ameinama, mikono magotini.

"Ile ya betri ningepeleka," alisema. "Wewe ungekubali tu, ningepeleka."

"Lakini hukupeleka, Mzee."

"Mwaka mzima kila nikilala naona mkono ya yule daktari." Alijifuta uso kwa leso. "Mama Jayesh tu ndiye anajua."

Tulifika nyumbani mchana. Duka lilikuwa limefungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Tulipita nyuma. Jiko lilikuwa baridi, sufuria zimepangwa safi rafuni, na Mama Jayesh alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mikono mapajani, midomo imemkauka. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu tulipoondoka alfajiri, hata maji. Alisimama alipotuona, akashika ukingo wa meza.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, Mama," nilisema. "Mama na mtoto. Wote."

Akageuka akatafuta kiberiti.